Sista wa Maandishi

Mwenzako hasikii. Wengine wote chumbani wanasikia. Kwenye filamu mwanaume anamtukana mkewe, na wewe ndiye unayeandika maneno yatakayopita chini ya picha. Ukiliandika tusi, wewe ndiye umemtukana mwenzako. Usipoliandika, wewe ndiye umemdanganya. Utaandika nini?

Sista aliniuliza hivyo akiwa amesimama kwenye mlango wa jiko la hosteli, mwiko mkononi, unga umemganda mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa kidato cha nne, na wakati huo nilikuwa na jibu la kila kitu. Niliwahi kubishana na padri kuhusu maji ya baraka, na mwalimu wa jiografia kuhusu ramani yake mwenyewe. Siku hiyo nilifungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi.

"Haya, Wakili," Sista akasema. "Funga, nzi wataingia."

Akarudi kwenye ugali wake.

Wakili lilikuwa jina alilonipa yeye. Jina lake yeye sitalitaja, na wala hatukulitumia. Watawa wengine wa pale Mpanda walikuwa na majina: Sista fulani wa zahanati, Sista fulani wa bustani. Huyu mlezi wetu wa hosteli alikuwa Sista tu. Ukisema "Sista anakuja," hakuna aliyeuliza yupi. Kila mtu alishuka kitandani. Sijui alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Watawa wana namna ya kuanza maisha yao katikati, na yeye hakuwahi kunifungulia sura za mwanzo, ingawa nilimuuliza mara nyingi. "Mimi nilianza siku nilipokukuta umejificha chooni usiende misa," aliniambia. "Kabla ya hapo sikumbuki kitu."

Hosteli ilikuwa ng'ambo ya reli, mabweni mawili na ukumbi wa chakula, kwa ajili ya wasichana tunaosoma sekondari ya jirani na ambao kwetu ni mbali. Mimi nililetwa kutoka upande wa Ugalla na ndoo ya asali. Wengine walitoka Karema, wengine Mpimbwe, wengine hata hawakujua kueleza wanatoka wapi ila kwamba ng'ombe walipohama nao walihama. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana na kabla ya kufua, tulitundika mablanketi kwenye madirisha ya ukumbi na kutazama filamu. Filamu moja kila Jumamosi, bila kukosa, hata siku mvua ilipoezua bati la jiko.

Sasa, Sista hakuziamini filamu. Aliamini maandishi. Kabla hatujaona picha yoyote, yeye alikuwa ameshaisoma filamu nzima kama mtu anavyosoma gazeti. Alikuwa na kompyuta nzee yenye kibodi iliyopotewa na herufi mbili, na kijana wa duka la muvi pale sokoni alimfundisha jinsi ya kuyatoa maandishi ndani ya faili. Filamu nyingi alizotujazia yule kijana kwenye flashi, maandishi yake ya Kiingereza yalifichwa ndani. Kompyuta iliyaona, televisheni ya hosteli haikuyaona kabisa. Televisheni ilitaka yatolewe, yageuzwe kuwa faili dogo la peke yake, liwekwe kando ya filamu na kupewa jina lile lile la filamu. Hapo ndipo ilikubali kuyaonyesha.

"Ni kama kumtoa mgebuka mwiba," alitueleza, kwa sababu mambo yake yote aliyalinganisha na samaki wa ziwani. "Ukivuta kwa pupa unakatika, nyama inabaki na vijiti. Ukivuta polepole unatoka wote, mrefu, na samaki anabaki samaki."

Mwiba wenyewe ulikuwa orodha ndefu: namba, saa ya mstari kuingia na saa ya kutoka, kisha maneno. Sista alikaa nao wiki nzima, jioni baada ya sala, akifuta Kiingereza na kuweka Kiswahili, mstari kwa mstari. Maneno aliyabadilisha, saa hakuzigusa. "Saa ni za mwenye filamu," alisema, kwa heshima ileile aliyoitumia akitaja mali ya kanisa.

Palikuwa na filamu ambazo maandishi yake si herufi bali ni picha za herufi, na kompyuta ikabidi ikisie. Ilikisia kama mlevi. Sista aliyasahihisha akiisuta kwa sauti: "We nawe, hili ni jina la mtu, wapi umeona mtu anaitwa sifuri?" Tuliokuwa tunapita nje tulidhani ana mgeni.

Mstari wa kwanza wa kila filamu ulikuwa wake mwenyewe. Kabla hata jina la filamu halijatokea, chini ya kioo cheusi yalipita maneno haya: Wasichana, kaeni vizuri, magoti yafunikwe. Ukumbi mzima ulivuta kanga. Nilimwambia kuwa huko ni kughushi, kwamba anaingiza maneno yake kwenye kazi ya watu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani nimesema uongo? Goti lako liko nje."

Alichukia filamu zilizotiwa sauti ya DJ, zile ambazo jamaa mmoja wa Dar anaongea juu ya waigizaji wote, wanaume kwa wanawake, na kuongeza habari zake. "Huyu anaongea kama anauza dawa ya panya," alisema. "Watu wawili wanaagana kwenye picha, yeye anatuambia habari za shemeji yake." Jambo hilo lilinifurahisha, maana yeye aliongeza na kupunguza kuliko DJ yeyote, ila alifanya kimya kimya na kwa tahajia nzuri.

Filamu za mapenzi aliziogopa. Za bunduki alizipenda mno. Gari likilipuka, alipiga makofi, kisha alikumbuka ni nani na kushika rozari. Nilimuuliza inakuwaje mtu wa amani anafurahia watu kuchinjana, halafu busu moja linamtoa jasho. Alifikiri. Hilo ni jambo moja nililompendea. Ukimuuliza swali la maana alifikiri kweli, hata kama swali ni la kumkera.

"Hakuna binti yangu atakayetoka hapa akalipue gari," akasema.

Tulibishana hivyo mwaka kwa mwaka. Sikuamini miujiza na nilimwambia. Nilimuuliza kwa nini Mungu hakuandika mwenyewe, kwa nini aliwaachia watu wa kutafsiri. "Uliza, uliza tu," alijibu akipepeta mchele. "Mungu hana haraka ya kujibu, na mimi nina watoto wa kulisha." Hakuniambia hata mara moja kwamba kuuliza ni dhambi. Aliniambia kwamba kuuliza wakati wenzangu wanachota maji ni uvivu, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Sokoni alikuwa mtu mwingine. Alipanda bodaboda kwa ubavu, shela amelifunga kidevuni kama mfugaji anayekwenda mnadani, na wauza nyanya walipomwona walianza kulalamika kabla hajashuka. Alishusha bei mpaka mtu akaapa kwa mama yake. Kisha akifika hosteli alimwita mpita njia yeyote ale. Sikuelewa na mpaka leo sielewi. Nimeacha kutafuta sababu.

Maandishi yake yalianza kama njia ya kutuchunga tu. Yalibadilika kwa sababu ya Kabula.

Kabula alikuwa darasa langu, mtoto wa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia nyanda za Mpimbwe. Likizo ya kidato cha pili alipata homa ya uti wa mgongo. Alirudi shule amekonda, anaongea vizuri kama zamani, ila hasikii kitu. Aliongea kwa sauti ya juu mno au ya chini mno, maana hakuwa na namna ya kujipima. Shingoni alivaa kijiubao cha watoto wa chekechea na kipande cha chaki, na mtu akitaka kumwambia jambo refu aliliandika hapo.

Baba yake alikuja na pikipiki kuzungumza na Sista. Tulisikiliza kutoka dirishani.

"Sista, mimi sina shida na kumsomesha," alisema yule mzee. "Lakini akae darasani akisikiliza nini? Nyumbani kuna watu wameshaanza kumuulizia. Bora aolewe angali kijana."

"Mwache mpaka moko," Sista akasema.

"Moko ndiyo nini?"

"Mtihani wa majaribio, kidato cha nne. Akishindwa, mchukue, sitakuzuia hata kwa neno. Akifaulu, anamaliza."

Mzee alikubali, na wote tulijua makubaliano ni hayo.

Basi Sista akageuza kazi yake. Alipata video za masomo, walimu wa nchi za watu wanaofundisha baiolojia na kemia ubaoni kwa Kiingereza, akayatoa maandishi yake kama alivyoyatoa ya filamu, akafuta namba na saa, akayageuza kuwa kurasa za kawaida, akamchapia Kabula. Walimu wetu walipokuwa wanaongea, Kabula alisoma karatasi. Haikuwa sawasawa na alichofundisha mwalimu, lakini mada ilikuwa ile ile, na zaidi ya hapo hakuwa na kitu. Nilimwona akizibeba karatasi zile kifuani hata kwenda bombani.

Na Jumamosi alikaa mbele kabisa. Kwa ajili yake Sista alianza kuandika hata sauti. Mlango unagongwa. Mbwa anabweka mbali. Muziki umeanza, wa huzuni, kama ngoma ya msiba kijiji cha pili. Sisi tuliosikia tuliona anapoteza muda, mpaka siku moja nikajikuta nimesoma mvua inapiga bati na nikaisikia vizuri zaidi kuliko ile ya kwenye spika mbovu ya televisheni.

Siku nyingine alikosea kwa namna ambayo ni yeye tu angeweza. Alikuwa na filamu mbili mezani, moja ya vita na moja ya mashindano ya mapishi, akayapa maandishi ya moja jina la nyingine. Askari wakatambaa kwenye matope huku chini yao yakipita maneno: Kitunguu kisiungue. Kamanda akainua bastola: Nani ameonja mchuzi wangu? Ukumbi ulilia kwa kicheko. Kabula alisoma kwa makini mpaka mwisho, na aliponiuliza kwa sauti yake ya juu kwa nini jeshi linagombania chakula kiasi kile, nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Sista aliomba radhi na kurudia filamu Jumapili, ya vita safari hii ikiwa na vita.

Kupunguza aliendelea. Sisi wa kidato cha nne, ambao Kiingereza kilishatuingia kidogo, tuliufanya mchezo: sikio moja kwa mwigizaji, jicho moja kwa Sista. Katika maandishi yake hakuna aliyewahi kunywa pombe. Majambazi walikaa gizani wakizunguka chupa, bastola mezani, na mkubwa wao akasema: Niongezee chai. Mlinzi wetu wa geti alipoonekana anayumba, tulisema amepitia chai. Kidato cha kwanza, ambao walitoka shule za msingi za Kiswahili na Kiingereza hawakijui, waliamini kila neno. Na Kabula aliamini kila neno.

Muhula wa kwanza wa kidato cha nne, moko ikiwa imebaki kama mwezi, Sista aliweka filamu ya mume na mke. Sijui ilimponyokaje, maana ya aina hiyo kwa kawaida aliikataa. Ilifika mahali mume anasimama sebuleni anamwambia mkewe maneno ambayo sitayarudia: kwamba ni tasa, kwamba amempotezea ujana, kwamba kuna mwingine anamsubiri. Kisha akabeba sanduku na kutoka mvuani. Chini yake yalipita maneno: Nimechoka. Nakwenda kulala.

Nyuma tulivunjika mbavu.

"Anakwenda kulala na sanduku?" Kabula akauliza, kwa sauti iliyojaa ukumbi.

Tulicheka zaidi. Akageuka, akatutazama mmoja mmoja, akanijia mimi. Akanivulia kijiubao akanipa.

"Nyie mnacheka nini?"

Nikaandika alichosema yule mume. Nilikiandika chote. Sijutii mpaka leo. Aliniuliza, nami nilijua. Alisoma, akafuta kwa kiganja.

"Na ile ya wiki iliyopita?"

Nikaandika.

"Na ile ya majambazi?"

Nikaandika: haikuwa chai.

Aliendelea kuuliza na mimi kuandika mpaka chaki ikaisha. Kisha akaenda mbele, akasimama kati ya televisheni na Sista, mvua ya filamu ikimwangaza mgongoni.

"Sista, kwenye baiolojia umekata nini?"

Sista alikuwa na udhaifu mmoja ambao sote tuliujua na kuutumia: ukimuuliza moja kwa moja, hawezi kudanganya. Aliinua uso ili midomo ionekane.

"Uzazi," akasema polepole. "Kama kurasa mbili."

"Na kemia?"

"Kemia sijagusa."

"Na historia?"

"Sijagusa, mama."

"Nitajuaje?"

Kabula akatoka nje.

Kuanzia Jumatatu hiyo hakusoma karatasi tena. Zililala chini ya godoro, zote, za uzazi na zisizo za uzazi. Darasani alitazama ubao, na jioni wakati wa kujisomea alisuka nywele za wenzake. Nilimwandikia kwamba anajiumiza mwenyewe, kwamba moko haitamsubiri. Akaniambia, "Nikisoma kitu ambacho sijui kama ni kweli, nimesoma nini?" Lilikuwa swali la aina yangu, na kulisikia kutoka kwa mtu ambaye baba yake ana pikipiki inamsubiri kulinitia baridi. Hapo ndipo Sista aliponiita mlangoni pa jiko akaniuliza ningeandika nini mimi.

Sista alipokuwa na jambo zito, alichimba mihogo. Wiki ile alichimba mpaka ya watawa wa bustani, nao wakaja kulalamika, akawapa lawama za kwao wenyewe kwa kuchelewa kupalilia. Tulikula muhogo asubuhi na jioni. Hakuna filamu Jumamosi. Ilikuwa mara ya kwanza.

Jumatatu iliyofuata, baada ya vipindi, niliona amekaa na Kabula kwenye benchi karibu na mabomba, kompyuta mapajani, waya umevutwa kutoka dirisha la jiko. Nilikuwa naanika shuka na sikuweza kusikia. Niliona Sista anaongea. Niliona Kabula anatikisa kichwa, kisha anatikisa tena, kisha anainama kusoma kwenye kioo. Walikaa mpaka kengele ya chakula. Jioni karatasi zilitoka chini ya godoro, na juu yake kulikuwa na kurasa mbili mpya.

Jumamosi ile filamu ilirudi. Sista alisimama mbele akatuahidi kwamba hakuna neno litakalokatwa tena, na kweli kila kitu kilikuwemo. Mlevi alikunywa pombe. Mwizi alitukana, na tusi likapita chini ya picha kwa Kiswahili kinyoofu, nukta mwishoni. Kidato cha kwanza walishikana mikono. Sista alikaa kwenye kiti chake akitazama sakafu na kusukuma rozari kama mtu anayevuka mto wenye mamba. Mbele kabisa, Kabula alicheka mahali pa kucheka, sambamba na sisi.

Moko alifaulu. Hakuongoza, lakini alifaulu vizuri, na baiolojia ndiyo iliyombeba. Baba yake alikuja na pikipiki kama alivyosema, na nyuma ya pikipiki alifunga dumu la samli.

"Nilileta usafiri," alimwambia Sista. "Sasa naona usafiri utarudi mtupu."

"Haurudi mtupu," Sista akasema. "Una mihogo ya kubeba."

Kabula akamaliza, nami nikamaliza, nikaenda chuo kikuu, ambako nilijifunza maneno marefu ya mambo niliyokuwa nabishana na Sista kwa maneno mafupi. Nilimfikiria mara nyingi, zaidi nilipokuwa nimeshinda ubishi na hakuna aliyeniambia nikachote maji.

Nilipomwona tena alikuwa Karema, kwenye nyumba ya watawa wazee juu ya ziwa. Nilikwenda bila kutoa taarifa. Nilimkuta kwenye kibaraza na beseni la dagaa, anachagua mchanga, miwani miwili usoni, mmoja juu ya mwingine. Alikuwa amepungua mwili, na vidole vimepinda. Ulimi ulikuwa ule ule.

"Wakili," akasema kabla sijasalimia. "Umekuja kuungama au kubisha?"

"Shikamoo Sista. Kubisha."

"Marahaba. Osha mikono, uchague dagaa. Bisha ukiwa unafanya kazi."

Tukachagua dagaa. Aliniuliza kama nimeolewa, nikasema bado. Akauliza kama nasali, nikasema bado. Akasema basi angalau ninaendelea kuwa mkweli. Alinionyesha kompyuta nyingine, mpya kidogo, na kulalamika kwamba siku hizi kila filamu inakuja na maandishi yake wazi na mtu hana hata mwiba wa kutoa. Watawa wenzake walitaka filamu za watakatifu. Yeye aliwawekea za bunduki na kuwaambia kwamba mtakatifu anatokea mwishoni.

Nilikuwa na jambo moja nililolibeba miaka yote. Muhula wetu wa mwisho, baada ya ahadi yote ile, kulikuwa na filamu ya mfungwa. Mtoto wake wa kike anasafiri kwenda kumwona gerezani, na baba, nyuma ya nondo, anamwambia kwa Kiingereza kwamba asije tena, kwamba hamtaki, kwamba yeye si mwanawe. Anageuka, anaondoka. Niliyasikia kwa masikio yangu. Chini ya picha yalipita maneno mengine: Safari ni ndefu, mwanangu. Usijichoshe. Wakati ule nilikasirika kiasi cha kutaka kusimama katikati ya ukumbi, lakini mtihani wa taifa ulikuwa mlangoni na nikaliacha. Sikumwambia Kabula pia. Niliogopa zile karatasi zingerudi chini ya godoro.

"Uliahidi kila kitu kitakuwemo," nikamwambia Sista. "Halafu ya mfungwa ukarudia yale yale."

Mkono wake ukasimama juu ya beseni. Alinitazama kupitia miwani yake miwili kwa muda, kisha akatazama ziwani, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama. Nikaona bega linatikisika. Alikuwa anacheka.

"Ya mfungwa," akasema. "Eh. Ya mfungwa unaikumbuka?"

"Neno kwa neno."

"Basi umenishika, Wakili. Nisamehe. Mtu mzima habadiliki kwa siku moja."

Kwa miaka yote niliyomfahamu, ndiyo mara pekee aliyokubali kwamba nimemshinda. Nilikula ugali wa mchana kwa furaha kubwa. Jioni alinisindikiza mpaka gari linapogeuzia, akanitilia dagaa waliochaguliwa kwenye mfuko, akanishika kidevu kama mtoto, na kuniambia niendelee kuuliza ila niwe napumua katikati.

Kabula siku hizi ni mtu wa maabara kwenye hospitali moja Mpanda. Tunakutana nikienda nyumbani, tunakaa kwenye mgahawa karibu na stendi ya bajaji, tunaongea kwa kuandikiana kwenye simu na yeye kunijibu kwa mdomo, sauti yake ikiwa imetulia kuliko zamani. Tulishakutana hivyo mara nyingi, na ni juzi juzi tu nilipomsimulia jinsi nilivyomshinda Sista kule Karema. Niliandika hadithi yote, na ule mstari wa mfungwa, nikamgeuzia simu.

Alisoma. Akaweka kikombe chini.

"Ile niliandika mimi," akasema.

Nikadhani hakunielewa. Nikaandika tena.

"Nimekuelewa. Tangu siku ile ya mabombani, Sista hakuandika mstari hata mmoja. Aliniwekea Kiingereza upande huu, Kiswahili chake upande huu, akasema linganisha mwenyewe, na kuanzia leo andika wewe. Filamu zote za mwaka ule ni zangu. Zile kurasa mbili pia nilizirudisha mimi."

Niliandika: kwa nini basi yule mfungwa?

"Kitanda cha chini yangu alilala yule mdogo wa kidato cha kwanza, wa Ugalla kama wewe. Baba yake alikuwa ndani, na likizo ile ndiyo alikuwa anapelekwa kumwona mara ya kwanza. Kiingereza hajui, anasoma tu." Akainua mabega. "Nilikaa na mstari ule siku tatu."

Nikaandika: na Sista?

"Aliusoma kabla hatujaonyesha. Akaniuliza kama nina hakika, nikasema ndiyo. Akasema, sawa, uache hivyo hivyo, na Wakili akija kuuliza, mwambie ni mimi."